Mita 25 ziko wapi kwenye redio ya namba?

SOMOE: Karibuni kipindini, tunarekodi hapa Shangani, Mtwara. Wengi wana redio mpya yenye namba kwenye kioo, lakini tangazo bado linasema "mita bendi 25". Redio haina pa kuingiza mita. Fundi Issa, tuanzie wapi?

ISSA: Kwenye kalkuleta ya simu. Mawimbi ya redio yanakwenda mita 299,792,458 kwa sekunde. Gawanya hiyo kwa urefu wa wimbi, yaani zile mita za tangazo, unapata hezi: mara ngapi wimbi linajirudia kwa sekunde. Redio ya masafa mafupi inaonyesha kilohezi, kwa hiyo punguza: 299,792 gawanya kwa mita.

SOMOE: Si watu wanatumia 300,000 tu, hesabu inakwenda haraka?

ISSA: Kwa kukadiria, sawa. Kwa kutafuta stesheni, itakupoteza. Chukua ZBC ya Zanzibar, inayojulikana kwa kilohezi 11735. Tuseme umeandikiwa mita 25.55. Ukitumia 300,000 unapata 11741.7. Stesheni za masafa mafupi kwa kawaida hukaa kila baada ya kilohezi 5, kwa hiyo utakwenda 11740. Umekosa kwa hatua nzima! Tumia 299,792: inakuja 11733.5, na hatua ya karibu ni 11735.

SOMOE: Kumbe ile tofauti ya 1.5 haina shida.

ISSA: Haina, imetokana na kukata desimali za mita. Shida ni mtu akikuandikia "mita 25" bila desimali. Hiyo ni kama kumwambia mgeni unakaa Chikongola bila kumpa namba ya nyumba. Bendi ya mita 25 inaanzia kama 11600 hadi 12100. Ya mita 49 ni 5900 hadi 6200, ya mita 31 ni 9400 hadi 9900. Hapo hakuna hesabu itakayokusaidia, zungusha taratibu usikilize.

SOMOE: Na kosa la mita moja lina uzito uleule kila bendi?

ISSA: Hata kidogo, na hapa ndipo wengi wanateleza. Kutoka mita 49 hadi 50 umeruka kilohezi 122 hivi. Kutoka 16 hadi 17 umeruka zaidi ya 1,100! Wimbi likiwa fupi, kila sentimita ina uzito. Kwenye bendi za juu dai desimali mbili, au omba kilohezi moja kwa moja.

SOMOE: Masafa ya kati je? Redio za babu zina mita 200, 300, 500.

ISSA: Rahisi zaidi, kwa sababu upande wetu wa dunia stesheni za masafa ya kati zimepangwa kwa mafungu ya 9. Mita 300 inatoa 999.3. Jibu ni 999, na 999 inagawanyika kwa 9. Ukipata namba isiyogawanyika, sogea hadi ya karibu inayogawanyika. Na ukikuta imeandikwa "kc" badala ya kHz, usibadilishe kitu, ni kilekile.

SOMOE: Tumalizie na wavuvi. Redio ya boti, chaneli ya 16, antena imevunjika. Waya ukatwe kiasi gani?

ISSA: Chaneli 16 ni megahezi 156.8. Kwa megahezi tumia 299.79: gawanya, unapata mita 1.91. Robo yake ni sentimita 47.8. Lakini usikate hapo! Kwenye chuma umeme hauendi kama hewani, kwa hiyo zidisha kwa 0.95: sentimita 45.4. Mimi ningekata 47, nipime, halafu nipunguze milimita chache chache. Kupunguza unaweza, kurefusha ni kazi.

SOMOE: Kwa kusikiliza tu, mtu ahangaike hivyo?

ISSA: Aa, kusikiliza waya wowote mrefu unasaidia. Kwa ile 11735, nusu wimbi ukishazidisha kwa 0.95 ni mita 12.1, yaani waya wa mita 6.07 kila upande, lakini hata mita 8 juu ya mwembe zitaleta sauti. Anayerusha ndiye lazima awe sahihi, maana antena isiyolingana inarudisha nguvu kwenye redio na transista ya mwisho inaungua.

SOMOE: Na chumvi ya bahari?

ISSA: Hiyo inaharibu hesabu nzuri kuliko kalkuleta mbovu. Maungio yakiwa ya kijani, shaba imeliwa. Kwangua hadi ing'ae, choma kwa risasi, funga utepe wa mpira usiopitisha maji, kisha pima tena kwa mita ya SWR, kifaa kinachoonyesha kama antena inalingana na redio au inarudisha nguvu. Ikisoma chini ya 1.5, safi. Ikifika 3, mwambie nahodha asibonyeze kitufe cha kuongea mpaka maungio yarekebishwe.