Bastola ya nyundo: ichague kwa risasi ya kwanza

Karibu, mtazamaji. Mezani hapa kuna bastola tatu, zote tupu, na magazini zake, yaani vikasha vya risasi, zimetolewa. Risasi ziko chumba kingine, zimefungiwa kabatini. Kila utakaposhika bastola, hata ile ambayo muuzaji amekuapia kwamba ni tupu, fanya hivi. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma, ishikilie, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, halafu papasa kwa kidole kidogo. Usiupindue mpangilio huo. Ukivuta slaidi magazini ingali ndani, risasi moja itaruka nje na nyingine itaingia mahali pake, nawe utabaki ukiamini kwamba umeimaliza.

Jambo la leseni nitalipitia upesi, maana bila hilo hakuna duka la kuingia. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakutaka uwe na cheti kabla ya bastola. Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayopima kama una sababu ya kutosha, na cheti chenyewe hutaja silaha yako pamoja na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Kwa hivyo usilipe arabuni ya bastola yoyote kabla ya kujua cheti chako kitasema nini.

Sasa tuje kwenye chuma. Nasogeza kamera hapa nyuma ya slaidi. Unakiona hiki kinachochomoza? Hii ndiyo nyundo. Triga ikiiachilia, inapiga pini, na pini inapiga kitako cha risasi. Glock haina nyundo. Ina pini inayosukumwa na springi kutoka ndani, na triga yake huwa na uzito uleule kila mara. Ceska, Beretta 92, SIG P226 na Jericho ni za nyundo. Ceska ndiyo Wakenya wengi wamezoea kuisikia ikitajwa kwenye taarifa za habari. Ni CZ ya kiwanda cha Czech, na CZ 75, iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1970, ndiyo mama ya nyingi zilizofuata, Jericho ikiwemo.

Nyingi za bastola hizi zina triga mbili katika moja. Nyundo ikiwa chini, triga hufanya kazi mara mbili: inaiinua nyundo, kisha inaiachilia. Mvuto huo ni mrefu, na uzito wake ni kama kilo 4.5 hadi 5.5. Risasi ikishatoka, slaidi ikirudi nyuma inaikoki nyundo yenyewe, yaani inaivuta nyuma ikae tayari kupiga, na kuanzia hapo triga ni fupi, kama kilo 2 hadi 2.5. Kwa hivyo risasi ya kwanza na ya pili hazifanani kabisa. Ukiwa unanunua bastola ya kujilinda, ile ya kwanza, ndefu na nzito, ndiyo unayoinunua. Wengi huijaribu dukani nyundo ikiwa imekokiwa, wakafurahia triga laini, wakalipa. Halafu siku ya uwanja wa shabaha risasi ya kwanza inaenda chini kushoto, kwa sababu mkono mzima umekunjamana kuivuta ile triga.

Hatua ya kwanza, basi, ni kidole. Muombe muuzaji ruhusa ya kufyatua ikiwa tupu. Shika mpini juu kabisa, mtutu ukiwa umenyooka na mkono wako hadi kwenye kiwiko. Nyundo iwe chini. Sasa weka kidole kwenye triga. Nyama ya ncha ya kidole, au kiungo cha kwanza, inapaswa kuifikia bila kuupindua mpini. Ukilazimika kuuzungusha mkono ili ufike, bastola hiyo ni kubwa kwako, hata ikiwa nzuri namna gani. Mpini wa Beretta 92 ni mnene na triga yake iko mbali. Wenye viganja vidogo huikosa hapo. CZ P-07 huja na vipande vya nyuma ya mpini vya kubadilisha, kwa hivyo jaribu vyote kabla ya kuikataa.

Hatua ya pili ni ya sarafu, na kwangu hii ina thamani kuliko maneno yote ya muuzaji. Elekeza mtutu kwenye ukuta wa mawe, sio wa bodi wala mabati, kwa maana risasi ya milimita 9 hupita mabati na mbao bila shida. Mwenzako aweke sarafu ya shilingi juu ya kilengeo cha mbele. Vuta triga polepole kutoka nyundo ikiwa chini, hadi idondoke. Sarafu ikibaki mahali pake, umeivuta vizuri. Rudia mara kumi. Ikianguka mara moja au mbili, hiyo ni ya mazoezi. Ikianguka mara saba au nane, jaribu bastola nyingine kabla ya kujilaumu, kwa sababu huenda triga ni nzito kuliko kidole chako. Tumia risasi bandia ndani ya chemba unapofanya hivi, hasa kwa CZ 75: kufyatua ikiwa tupu mara nyingi huweza kuvunja kile kipini kidogo kinachozuia pini ya kupigia.

Hatua ya tatu ndiyo inayoleta ajali, kwa hivyo tukae nayo. Umepiga risasi mbili, hatari imepita, nyundo imekokiwa na chemba ina risasi. Utaishusha vipi?

Bastola nyingine zina dikoka, yaani wenzo wa kushushia nyundo. Natia risasi bandia, nakoki, nabonyeza wenzo huu. Sikia: nyundo imeanguka, lakini kidole changu hakijagusa triga. SIG P226 ina dikoka tu, bila sefti ya mkono, yaani kifungio cha usalama. CZ 75 BD nayo ina dikoka. Lakini CZ 75 B ya kawaida, hii hapa, ina sefti peke yake, na sefti hiyo haifungi nyundo ikiwa chini. Ukitaka kuibeba nyundo ikiwa chini na risasi ikiwa ndani, itabidi uishikilie nyundo kwa kidole gumba, uvute triga, uishushe taratibu. Kidole chenye jasho kikiteleza, risasi imetoka. Anayeichagua CZ 75 B aibebe ikiwa imekokiwa na sefti imefungwa, jinsi inavyobebwa Browning Hi-Power ya mwaka 1935, na afanye mazoezi ya kuishusha sefti kila anapochomoa. Kama huna muda wa mazoezi hayo, chukua yenye dikoka. Huo ndio ushauri wangu kwa anayeanza, na siubadilishi.

Beretta 92FS ina wenzo juu ya slaidi: ukishuka, unashusha nyundo na kufunga sefti kwa pamoja, na unabaki chini mpaka uuinue. Tatizo lake ni hili. Tazama kiganja changu kinapoivuta slaidi kutoka juu. Umeona? Wenzo umeshuka. Bastola sasa imefungwa na mwenyewe hajui. Aina ya G ya Beretta hiyo ina wenzo unaorudi juu wenyewe, na kwa kujilinda hiyo ndiyo bora.

Ukubwa ni suala la nguo. CZ 75 B ina karibu kilo moja ikiwa tupu. P-07 ni takriban gramu 790, na inabeba risasi 15, ambazo peke yake ni kama gramu 180. Mwezi wa Julai koti linaficha chochote. Februari, ukiwa na shati jepesi, mpini mrefu utatokeza mgongoni kila ukiinama. Kaa nayo garini dakika ishirini, mkanda wa usalama ukiwa umefungwa, uone kama unaweza kuifikia. Angalia pia umbo la nyundo. Yenye mkia mrefu hushika shati. Ya duara au iliyokatwa fupi haishiki.

Kuhusu risasi, chukua milimita 9 kwa 19, inayoitwa pia Luger au Parabellum, basi. Ila usichanganye: 9 kwa 17 na 9 kwa 18 ya Makarov ni risasi nyingine. Soma maandishi ya mtutu, kisha ya kitako cha risasi.

Ikiwa bastola imetumika, omba penseli yenye raba. Bastola ikiwa tupu na mtutu ukiangalia juu, tumbukiza penseli, raba ikitangulia. Koki, vuta triga: penseli iruke nje. Ikiruka kidogo tu, springi imechoka au pini ni chafu. Irudishe, koki tena, sasa bonyeza dikoka. Penseli isiruke. Ikiruka, iache bastola hiyo dukani. Kisha koki na uisukume nyundo mbele kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kawaida, bila kugusa triga; ikianguka, meno yake yameliwa. Kwa CZ 75 kagua pia pini inayoshikilia slaidi, maana huvunjika baada ya matumizi marefu. Nunua ya akiba. Springi kuu ya slaidi ibadilishwe kila baada ya risasi 3,000 hadi 5,000.

Kabla ya kuibeba, ipigie uwanjani risasi 200 kwa magazini zako zote. Panga na klabu mapema, kwa kuwa risasi za cheti chako zina kikomo. Kila mfululizo uanze hivi: nyundo chini, risasi moja ndefu, moja fupi, dikoka. Dikoka kila mara, kabla ya ala, hata kama unarudia baada ya sekunde tatu. Magazini moja ikikwama mara mbili na nyingine hazikwami, tupa hiyo magazini, usiilaumu bastola.

Mwisho ni namna ya kuirudisha kwenye ala, na hapa ndipo nyundo inakupa kitu ambacho Glock haina. Shusha nyundo kwa dikoka. Toa kidole kwenye triga, kinyoshe kando ya slaidi. Sasa weka kidole gumba juu ya nyundo, ikandamize kidogo, na utelezeshe bastola ndani ya ala. Upindo wa shati au kamba ya koti ukiingia kwenye triga, nyundo itaanza kuinuka na utaihisi chini ya kidole. Simama hapohapo, itoe yote nje mtutu ukiangalia chini, ondoa kitambaa, uanze tena.