Uji Usiokimbia Kijiko

(Mhadhara kwa akina mama wa soko, Busia, Uganda)

Akina mama, habari za mchana. Na nyinyi akina baba watatu mliojibanza mlangoni kama watu wanaongoja boda, sogeeni mbele, viti vipo. Mambo ya mtoto si ya mama peke yake, na pesa ya unga mara nyingi inatoka mfukoni mwenu.

Nitaongea Kiswahili chetu hiki cha mpakani. Nikichomeka Kisamia au Luganda, aliye karibu amfafanulie jirani.

Mimi ni muuguzi, na siku zangu nyingi zimepita kwenye mzani wa watoto. Kuna mama mmoja ninayemwona kila mara, ingawa sura yake hubadilika. Anaingia na begi la mtoto limevimba: poda, mafuta ya aina mbili, chupa tatu za kunyonyeshea, dawa ya tumbo, kofia ya sufu wakati jua linatoboa mabati. Namweka mtoto kwenye mzani, na sindano inasimama palepale iliposimama mwezi uliopita. Mama ananiuliza, "Sista, ninunue nini tena?" Ndiyo maana leo nimekuja na vikombe viwili vya uji kabla ya neno lingine lolote.

Tazameni. Nachota kijiko kutoka kikombe cha kwanza, nakiinamisha. Umeona? Umekimbia kama maji ya mvua. Sasa cha pili. Nainamisha... unang'ang'ania, halafu unadondoka taratibu, bonge kwa bonge. Unga ni uleule wa mahindi na ulezi, sufuria ni ileile. Tofauti ni kwamba kikombe cha kwanza kina vijiko viwili vya unga, kama gramu 20, na cha pili kina gramu 50.

Tufanye hesabu ya soko, maana hapa hakuna asiyejua hesabu. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya mama kina takriban kalori 160. Uji wangu mwepesi, kikombe hichohicho, una kama kalori 70. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, linajaa kwa kiasi cha kikombe kimoja hivi. Ukilijaza uji unaokimbia, umelifunga lisipokee titi, na ulichokiweka hakifiki nusu ya ulichokizuia. Mtoto anashiba, analala, na anakonda. Huyo ndiye mtoto ninayempima. Mama yake si mvivu, na wala hamnyimi. Anamlisha maji, basi.

Kwa nini tunaufanya mwepesi? Kwa sababu tunaogopa utamkaba, na kwa sababu ukiwa mwepesi unapita kwenye chupa. Kuna mama aliyenionyesha kwa fahari jinsi alivyopanua tundu la chuchu ya mpira kwa sindano ya moto ili uji upite. Nilimwambia, mama, badala ya kupanua tundu, chukua kijiko.

Mpaka miezi sita, mtoto ni titi tu, hata maji ya kunywa hapana. Hilo mnalijua, mmelisikia hospitalini mpaka limewachosha. Baada ya miezi sita chuma alichozaliwa nacho kinakaribia kwisha, na maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha kuziba pengo hilo. Anaanza na vijiko viwili vitatu vya chakula kizito kilichopondwa, mara mbili au tatu kwa siku, huku ananyonya. Kufika miezi tisa anakula mara tatu au nne, na vipande vidogo anaviokota mwenyewe. Kunyonya kunaendelea mpaka miaka miwili na zaidi. Na awe na bakuli lake. Mtoto wa mwaka mmoja akiwekwa kwenye sinia moja na kaka zake wanne, atabaki kulamba vidole.

Sasa twende sokoni, ambako ndiko kwenye utamu wa habari hii.

Samaki wetu wa Majanji, mukene. Ukivuka mpaka hatua mia anaitwa omena, ukishuka Mwanza anaitwa dagaa, lakini ni yeye yuleyule. Analiwa mzima, na kichwa na mifupa, kwa hiyo anampa mtoto protini, chuma na chokaa ya mifupa kwa mpigo mmoja. Hakuna kopo dukani linalomshinda kwa bei yake. Ila mchunguze. Yule aliyeanikwa mchangani anafaa kuku. Mmwage kiganjani, msugue, ukisikia mchanga unakwaruza, mrudishe. Tafuta aliyeanikwa juu ya vichanja au wavu, mkavu, mwenye rangi ya fedha na asiyenuka mafuta yaliyochacha. Nyumbani muoshe kwa maji ya vuguvugu, mkaange bila mafuta mpaka avunjike kwa vidole, mtwange, mchekeche. Kijiko kimoja cha unga huo ndani ya viazi vilivyopondwa, mtoto amekula samaki na hakuna mwiba wa kuogopa.

Karanga. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, na wauzaji wanisamehe. Msinunue karanga zilizokwisha sagwa kwa ajili ya mtoto. Nunueni nzima. Mimina kwenye ungo, kaa chini, chambua: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, iliyotobolewa, tupa nje, na usimpe kuku. Ukungu ule unaacha sumu inayoitwa aflatoksini, na sumu hiyo hata uchemshe mpaka jioni haiondoki. Inakwenda kwenye ini. Karanga ikishasagwa, mbovu na nzima zina rangi moja, na jicho lako halina kazi tena. Zilizochambuliwa zikaange, uzipeleke kwenye mashine ukiwa umesimama hapohapo. Rojo la karanga linafaa kwa mtoto. Karanga nzima hapana, zinakaba.

Ule unga wa "vitu kumi" unaopangwa kwenye mifuko, mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga, mukene, mbegu za maboga na sijui nini... Mama anaununua akidhani wingi wa majina ndio wingi wa lishe. Soya isiyopikwa vizuri ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Inataka kukaangwa au kuchemshwa kwanza. Je, aliyechanganya alifanya hivyo? Humjui. Karanga zikikaa ndani ya unga zinachacha, mukene anachacha, na kimoja kikiharibika kimeharibu vyote tisa. Mimi ningesaga nafaka moja au mbili peke yake, halafu karanga na samaki vikaingia sufuriani siku ya kupika.

Na viazi vitamu, chagueni vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Rangi ile ndiyo vitamini A inakotoka. Mmoja wa waliotuletea aina hizo ni mtafiti wa kwetu, Robert Mwanga, na mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na wenzake watatu. Mganda kapata tuzo ya dunia kwa ajili ya kiazi, na sisi bado tunakimbilia vidonge.

Mnakijua kitobero, kile chakula cha mtoto cha mchanganyiko? Wengine mmekula bila kujua jina. Kule hospitali ya Mulago, Kampala, kwenye kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, akina mama ambao watoto wao wamelazwa kwa utapiamlo hufundishwa kukipika. Jina lenyewe, Mwanamugimu, linatoka kwenye methali ya Waganda, kwamba mtoto mwenye afya hutokea kwenye mbeleko. Unachukua matooke, yaani ndizi za kupika, au viazi, maharage mabichi uliyoyamenya ganda, mukene aliyetwangwa au nyama iliyokatwa ndogo kama punje, na dodo kidogo, yaani mchicha. Unafunga kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni, unaliweka juu ya matooke ya familia, kinaiva kwa mvuke wa sufuria ileile. Hakitaki makaa ya ziada. Kikiiva unakiponda humohumo ndani ya jani, na ule mchuzi hautoki. Chumvi usitie, figo za mtoto bado changa. Sukari usitie. Asali usimpe kabla ya mwaka mmoja, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyompooza mtoto mchanga.

Sasa duka. Nitapita haraka, maana dukani tunapoteza pesa zaidi kuliko muda.

Maziwa ya kopo. Wapo watoto wanaoyahitaji, yatima kwa mfano, na daktari atakuelekeza. Kwa hao, maji yachemke, na unga ukorogwe yakiwa bado ya moto sana, si chini ya nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe si safi wa vijidudu kama watu wanavyodhani, kisha uyapoze. Mpe kwa kikombe, kikombe kinasuguliwa kikatakata. Lakini kwa mtoto mwenye titi la mama yake, kopo linaleta gharama na kuharisha. Chuo Kikuu cha Makerere palikuwa na profesa wa tiba ya watoto, Derrick Jelliffe, na ndiye baadaye aliyebuni jina la utapiamlo unaoletwa na biashara. Mwaka 1981 nchi za dunia zilikubaliana Geneva juu ya kanuni za kuuza maziwa haya, na Uganda ikatunga zake mwaka 1997. Kanuni ile ya Geneva inakataza picha ya mtoto mchanga kwenye kopo. Ukiona kopo lenye mtoto mnene anayecheka, jua kwamba picha ile imewekwa kwa ajili yako. Na "maziwa ya kukulia" ya mtoto aliyepita mwaka, Shirika la Afya Duniani limesema hayahitajiki.

Uji wa boksi, geuza nyuma usome. Vinavyotajwa kwanza ndivyo vingi. Sukari ikiwa ya pili kwenye orodha, umenunua peremende ya unga. Angalia tarehe na alama ya shirika la viwango, UNBS.

Maji ya tumbo, haya ya kumnyamazisha mtoto usiku. Yalianza Uingereza mwaka 1851, na yale ya asili yalitiwa pombe. Ndiyo maana bibi zetu waliyasifu, mtoto alikuwa analewa. (Msicheke sana, wengine mlikuwa ndio hao watoto.) Ya leo mengi hayana pombe, lakini mtoto wa miezi miwili bado hahitaji kitu zaidi ya titi na bega la kucheulia.

Poda: vumbi lake linaingia mapafuni. Nguo safi na maji vinatosha.

Kigari cha kujifunzia kutembea. Hapa najitaja mwenyewe. Nilimnunulia kifungua mimba wangu, nikiwa nimeshavaa sare ya uuguzi, nikijiona mama wa kisasa. Siku ya tatu nilikuwa nakatakata nyanya, nikasikia magurudumu yale, krrr, krrr, kwenye sakafu. Nilipogeuka alikuwa ameshaivuka nyumba nzima, mkono umenyoshwa kwenye sigiri, lile jiko la makaa. Nilimdaka kwa kola. Chai iliyokuwa juu yake ilinimwagikia mimi, alama ni hii hapa. Kanada walipiga marufuku vigari hivyo mwaka 2004, na hawana sigiri sakafuni. Mtoto mwekee mkeka. Atatambaa, atajishikilia kwenye stuli, atasimama siku yake ikifika.

Kuna swali pale... Mama anauliza kuhusu yai, kwamba mtoto akila yai atachelewa kusema. Nimelisikia hilo tangu nikiwa msichana. Hapana, mama. Yai lililoiva vizuri, mpe tangu miezi sita. Kama unaona watu watasema, liponde ndani ya viazi, mwenye macho hatalijua. Mnakumbuka kwamba Buganda ya zamani wanawake wenyewe hawakuruhusiwa kula kuku wala yai? Aliyekuwa anakula alikuwa nani? Baba wa mlangoni anaangalia pembeni.

La mwisho, kisha tuonje. Wapo watakaosema, sista, uji mzito mtoto wangu haumezi. Haya, sogeeni. Sufuria hii ina uji mzito kabisa, mwiko unasimama. Nimeuepua, umepoa kiasi cha kuweza kugusa kwa kidole bila kuruka. Natia kijiko kimoja cha kimea. Ndiyo, kimea hichohicho cha malwa, pombe ya ulezi, msijifanye hamkijui! Ulezi uliolowekwa usiku, ukafunikwa kwa unyevu siku mbili tatu mpaka ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Nakoroga. Subirini. Chipukizi lile lina kitu kinachokata wanga vipande vidogo, kwa hiyo uji unalainika bila kuongezwa hata tone la maji, na unga wote bado umo ndani.

Mmeona? Mwiko umeanguka. Dakika chache tu.

Sasa naurudisha motoni uchemke tena, maana kimea kimeguswa na mikono na jua na nzi. Na asitoke mtu hapa akasema nimewaambia muwape watoto malwa. Nani ana mtoto aliyepita miezi sita? Mlete huyo mwenye lesu ya kijani, nipeni kijiko kisafi, na mama yake akae hapa amshike, kwa sababu mgeni hawezi kumlisha.