Mpira wa Russ Ortiz: Dusty Baker, Mchezaji Aliyegeuka Meneja

MTANGAZAJI WA KWANZA: Leo tunamzungumzia Dusty Baker wa besiboli ya Marekani, na ningependa, dada, tuanzie mwaka 1967, alipochaguliwa na timu ya Atlanta Braves akiwa kijana kutoka California, kwa sababu naona umeneja wake uliota mizizi pale.

MTANGAZAJI WA PILI: Ni kweli, kaka. Hank Aaron, nyota wa Braves, alimwahidi mama yake Baker kwamba angemtunza kijana huyo kama mwanawe, naye akaitimiza ahadi. Tarehe 8 Aprili 1974, Aaron alipopiga homurani yake ya 715, yaani pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kupata pointi, na kuivunja rekodi ya Babe Ruth, aliyekuwa kando na gongo mkononi akingoja zamu yake alikuwa Baker.

WA KWANZA: Naye hakuwa mchezaji wa kubezwa: homurani 242, na ubingwa wa 1981 akiwa na Los Angeles Dodgers. Kilichomtesa ni umeneja, kazi ambayo sisi watu wa kandanda tungeiita ukocha mkuu.

WA PILI: Ilimtesa tangu mwanzo, maana mwaka 1993, msimu wake wa kwanza akiiongoza San Francisco Giants, timu ilishinda mechi 103 na bado ikakosa mtoano, kwa kuwa Braves walishinda 104. Ikaja World Series ya 2002, yaani fainali ya ligi, ambamo anayeshinda michezo minne ndiye bingwa; tuko mchezo wa sita. Giants wameshinda michezo mitatu dhidi ya miwili ya wapinzani wao, Angels, na usiku huo wanaongoza 5-0 katika awamu ya saba kati ya tisa, wamebakiza kuwatoa wapigaji wanane tu. Baker anatoka kumbadilisha mrushaji wake, Russ Ortiz, na kabla Ortiz hajaondoka uwanjani anamkabidhi mpira ule, abaki nao kama kumbukumbu.

WA KWANZA: Kumbukumbu ya ushindi ambao haukuwa umepatikana!

WA PILI: Angels wakashinda 6-5, na mchezo wa saba pia. Wengi wanasema alisherehekea mapema. Mimi naona alimtendea Ortiz kama mzazi.

WA KWANZA: Hapo sikuungi mkono kikamilifu, kwa sababu wapinzani nao wana macho, na zawadi ile ingeweza kungoja hadi chumba cha kubadilishia nguo.

WA PILI: Ingeweza. Hata hivyo, upole huohuo ndio uliowafanya Houston Astros wamwite mwaka 2020, walipokuwa wamechafuka kwa kashfa ya kuiba ishara ambazo wapinzani hupeana kuhusu mrusho unaokuja, na kumfukuza meneja wao. Tarehe 5 Novemba 2022, akiwa na miaka 73, akatwaa ubingwa wake wa kwanza kama meneja, miaka 20 baada ya usiku wa Ortiz.

WA KWANZA: Tusimsahau mwanawe Darren, aliyekuwa na miaka mitatu katika fainali ile ya 2002, akikimbilia kuokota gongo huku wachezaji wakija mbio, hadi J.T. Snow, mchezaji wa Giants, akamkwapua kwa koti lake asikanyagwe. Mwaka 2024 Darren aliingia ligi kuu akiwa na Washington Nationals, timu ambayo baba yake aliwahi kuiongoza.