Kutu Hukaa Mafichoni

Ndugu zangu mafundi, na ninyi wahandisi vijana, asanteni kwa kuja. Kutu ni nini mnajua, sitawarudisha darasani. Nimekuja na neno lilelile ninalolisema kila nikipewa nafasi: chuma huliwa pale maji yanapotuama na jicho halifiki.

Niliwahi kuitwa kukagua mnara wa tangi la maji kiwandani. Wenyeji walinipokea kwa furaha, maana walikuwa wametoka tu kuupaka rangi, na kweli uling'aa. Nikachuchumaa kwenye kitako cha nguzo, pale chuma kinapoingia kwenye zege. Zege lilikuwa limefanya kibonde kuizunguka nguzo, na ndani yake maji ya mvua ya juzi. Nikagonga nyundo kwa juu, chuma kikalia kama kengele. Nikagonga kwa chini, sauti ikafa. Nikachukua bisibisi na kusukuma kwa mkono mtupu. Ikazama hadi kwenye mpini. Nguzo ile ilibeba tani na tani za maji, na kitako chake kilikuwa magamba ya kutu yaliyofunikwa rangi mpya. Tangi tulilimwaga siku ileile.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Lakini rangi yenyewe ilikuwa ya daraja la kwanza." Ndugu yangu, rangi hiyo imeshika nini? Imeshika kutu, na kutu haikushika chuma. Halafu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huvimba na kuibandua rangi kwa ndani. Sugua au puliza mchanga mpaka chuma chenyewe kionekane. Osha chumvi kwa maji safi, kausha, paka praima, ile rangi ya kwanza ya kushika chuma, siku hiyohiyo. Kingo na mishono ya kuchomelea ipige brashi kwanza peke yake, kwa sababu rangi hukimbia kwenye ukingo mkali na kubaki nyembamba. Kazi hii haina njia ya mkato, na inanichosha kuona tajiri ananunua rangi ghali kisha anampa fundi nusu siku ya kusafisha.

Kwa nini mafichoni? Tazameni mabamba mawili yaliyofungwa bolti. Maji yanaingia katikati na hayatoki. Oksijeni iliyomo inakwisha, na ya nje haifiki. Hapo chuma kilekile kinagawanyika: sehemu ya nje yenye oksijeni inakuwa kathodi, yaani upande unaosalimika, ya ndani inakuwa anodi, na anodi ndiyo inayoliwa. Chumvi ikiwapo, kloridi, yaani chembe za chumvi hiyo, hujazana mle na maji hugeuka asidi. Kwa nje huoni kitu, ila pengine michirizi ya kahawia kwenye kichwa cha bolti. Ukiiona michirizi hiyo, usiifute. Fungua.

Daraja la Silver Bridge, juu ya mto Ohio kule Marekani, lilifunguliwa mwaka 1928. Lilining'inizwa kwa minyororo ya vyuma virefu vyenye tundu kila ncha, vilivyounganishwa kwa pini, na kila pingili ilikuwa na vyuma viwili tu. Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, magari yamejaa juu, chuma kimoja kikakatika kwenye tundu lake. Mwenzake akachomoka kwenye pini, na daraja zima likaenda mtoni. Watu 46 wakafa. Ufa ulioanzisha yote ulikuwa na kina cha milimita 2.5 hivi! Ulikulia ndani ya kiungo, ambako kutu na mvutano wa mzigo vilisaidiana mwaka baada ya mwaka. Wachunguzi walisema usingeweza kuonekana bila kukifungua kiungo kile. Mimi nasema mkaguzi alishindwa siku daraja lilipochorwa. Ninyi mnaochora, kila kiungo mnachokiweka jiulizeni: nyundo itafika? Maji yatatokea wapi? Chaneli, yaani chuma chenye umbo la U, ilaze mgongo juu, isiwe kihori. Mhimili unaokusanya maji utoboe tundu.

"Basi tutumie stenlesi, chuma kisichoshika kutu." Hilo nalisikia kila mahali. Mwaka 1985, kule Uster, Uswisi, dari la zege juu ya bwawa la kuogelea la ndani liliporomoka, wakafa watu 12. Vyuma vilivyolishikilia vilikuwa stenlesi. Kloridi zilizotokana na klorini ya bwawa zilivipasua taratibu huku vikiwa vimebeba mzigo, juu kule ambako hakuna aliyepanda kutazama. Stenlesi haikuondolei ukaguzi.

Saa inanibana. Zinki inayovikwa juu ya chuma: hujitoa ili chuma kipone, lakini ikiisha imeisha, pimeni unene wake. Metali mbili tofauti zisigusane penye unyevu. Tengeni kwa plastiki, na bolti isiwe ya metali inayoliwa kirahisi kuliko ya bamba, kwani ni ndogo na itakwisha upesi. Mabomba yaliyovikwa matandiko ya kuhifadhi joto nilitaka kuyapa saa nzima. Leo itoshe kusema maji hupenya kwenye mshono wa bati la juu na kukaa yakipashwa moto chini yake. Fungueni madirisha ya kukagulia, muanzie sehemu ya chini ya bomba.

Kipande cha ile nguzo ya tangi kiko hapa mezani. Kipitisheni mkono kwa mkono, mkianza na upande uliopakwa rangi, kisha mkigeuze. Chini yake kuna ndoo. Shikeni taratibu, bado kinamwaga magamba.