Mkate wa Wishwa

Walimu wangu, wazee wa Kaloleni, nanyi vijana mliokaa sakafuni kwa kukosa viti, hamjambo.

Mwenyekiti ameniuliza kwa nini mtu mzima, katika Nairobi hii, anaandika habari za majini wakati bei ya unga inamkosesha jirani yake usingizi. Swali ni la haki. Nitalijibu kwa kisa mnachokijua.

Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani, yuko kifungoni Pate, anangoja kuuawa. Kila chakula anachopelekewa na mama yake, walinzi wanakula kizuri, wanamwachia kibaya. Liyongo anamtuma kijakazi Saada na shairi: mama aoke mkate wa wishwa, na katikati afiche tupa. Wishwa, yaani makapi. Walinzi wanaudharau, wanampa mfungwa. Usiku ngoma ya gungu inavuma nje, naye ndani anakata minyororo.

Baadaye tunaambiwa mtu huyu hauawi na chochote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Tunakubali. Tunakubali kwa sababu ya ule mkate, maana nani hapa hajawahi kuachiwa wishwa?

Miaka kadhaa iliyopita niliandika mji wa majini chini ya bandari ya Kilindini. Niliuandika mara tatu na haukukalika. Nguzo za lulu, taa za samaki, vyote vilikuwepo, na bado ulikuwa mji wa karatasi. Siku moja nikajiuliza: majini hawa wanakunywa nini? Bahari ni chumvi. Nikatunga wachuuzi wanaopanda usiku hadi visima vya Likoni na kurudi na vibuyu vya maji baridi. Nikatunga bei. Nikatunga foleni, na bibi mmoja aliyeacha kibuyu kimshikie nafasi, akarudi akakuta kimesogezwa nyuma, kama tunavyosogezeana mitungi hapa Eastlands mfereji ukikauka. Siku hiyo mji ukapumua.

Mswada ule niliupeleka kwa mchapishaji. Mhariri aliupenda kweli, kisha akanionyesha hesabu: wanunuzi wakubwa ni shule, na riwaya isiyotahiniwa hulala ghalani. Akaniomba majini wageuke ndoto ya mtoto mgonjwa, aamke mwishoni na funzo. Nilikataa, na kwa miaka miwili mswada ulikaa chini ya kitanda changu. Lakini hesabu yake haikuwa ya uongo. Tangu 2013 vitabu vinatozwa VAT ya asilimia 16. Ukilipa shilingi 1,160 kwa riwaya, 160 haziendi kwa duka, wala kwa mchapishaji, wala kwangu. Kwa kijana wa hapa hiyo ni nauli ya mjini. Nimeisema kodi hii kila niliposimama mbele ya watu, na leo naisema tena: iondolewe.

Sasa nije kwenye Juni. Tarehe 25 Juni 2024 watoto wetu waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Kesho yake Rais alitangaza hatautia saini. Kuna waliokuwa hawapo tena kuisikia habari hiyo. Tangu siku zile, kila ninaposoma hadharani naulizwa: zimwi la kitabu chako ni nani?

Zimwi hilo sitalivika sura ya mtu. Mtu huyo atatoka madarakani, na kitabu changu kitabaki gazeti la juzi. Ninachokitafuta ni njaa yake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili letu linatujua kwa majina na kwa nambari za vitambulisho, na bado linatumaliza. Hapo ndipo ninapochimba kila asubuhi.

Mnakumbuka Liyongo alivyokufa. Alipochomwa sindano ile alipiga goti kisimani, upinde mkononi, mshale tayari, akakata roho vivyo hivyo. Mji mzima ukaogopa kuteka maji. Wakamwendea mama yake awasaidie kumtuliza, naye akaja akamsihi kwa nyimbo, akidhani mwanawe amekasirika tu.

Riwaya ninayoiandika sasa inaanzia kwenye kisima hicho. Maji nimeyapata, kamba nimeipata, hata kiu ya watu nimeipata. Wimbo wa yule mama bado. Nimeandika beti tatu, na jana usiku nimezifuta zote.