Huyu Bata ni wa Nani?

ZUHURA: Kibwana, waambie wasikilizaji kilichokupata ukweni Jumamosi.

KIBWANA: Wewe Zuhura! Nimevaa kanzu yangu nyeupe pee, bata mzinga wa mama mkwe akanikimbiza mpaka barazani. Mashemeji wanacheka tu.

ZUHURA: Mwanamume mzima, bata!

KIBWANA: Yule si bata! Ukoo wake ni wa kuku, si wa bata. Hasira zikanituma nichimbe jina lake. Asili yake Mexico, Wahispania wakamvusha kuja Ulaya miaka ya 1500. Waingereza wanamwita turkey, yaani Uturuki. Nenda Uturuki sasa: hindi!

ZUHURA: Kila mtu anasukumia jirani.

KIBWANA: Wafaransa dinde, wa India. Wapolandi indyk, India tena. Waholanzi kalkoen, wamefika mpaka bandari ya Calicut, huko huko India. Wareno je? Peru.

ZUHURA: Hao afadhali, wamekosa nchi lakini upande wa bahari wameupata. Na sisi tukamwita bata.

KIBWANA: Tena mzinga! Mzinga upi, wa nyuki au wa vita?

ZUHURA: Aliyekimbizwa ni wewe, tueleze.

KIBWANA: Hebu tuache mzaha. Anayeniuma mimi ni kanga. Waingereza walianza kumwita kanga turkey, kwa sababu alipitia kwa wafanyabiashara wa dola ya Waturuki. Alipokuja huyu wa Mexico, wakamvika jina lilelile. Halafu Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, mwaka 1758 akamwandika Meleagris gallopavo. Meleagris ni Kigiriki, maana yake kanga! Ndege wa Afrika kaibiwa jina mara mbili.

ZUHURA: Mara ya pili sawa. Ya kwanza hakuibiwa. Jina linakuambia nani kakuuzia, si nani kazaliwa wapi.

KIBWANA: Mpemba akikuuzia mchele wa Mbeya, utauita wa Pemba?

ZUHURA: Na nguo za mtumba? Zimepewa jina la furushi zilimokuja. Nani anauliza zilishonwa wapi?

KIBWANA: Mtumba hausemi uongo. Kalkoen ni uongo mtupu. Mwaka 2022 Uturuki wameomba Umoja wa Mataifa uwaandike Türkiye, na huyu ndege akatajwa miongoni mwa sababu.

ZUHURA: Mbona wao hindi hawajaigusa? India nayo ilalamike?

KIBWANA: Hujanijibu.

ZUHURA: Nimekujibu, hutaki tu.

KIBWANA: Hujajibu, Zuhura. Jina la uongo ni uongo hata likizeeka.

ZUHURA: Haya, fundi mitambo ananyoosha mkono, dakika moja. Na tulipanga mambo matatu ya kujifunza!

KIBWANA: Hata moja hatujagusa. Basi, taja lile jambo la machungwa.

ZUHURA: Chungwa kwa Wagiriki ni portokali, Waturuki portakal, Waromania portocală. Yote ni Ureno hiyo.

KIBWANA: Uongo mwingine! Machungwa yametoka Asia.

ZUHURA: Na machungwa matamu nani aliwapelekea sokoni?

KIBWANA: Wareno.

ZUHURA: Ehee!

KIBWANA: Fundi, zima. Zima kabisa.