Hedi ni mtuhumiwa wa mwisho: kufufua printa kubwa iliyoziba

Jamani habari za mchana. Najua wengi wenu mmeacha kazi za watu mezani, mabango ya harusi, stika za bajaji, kwahiyo siwapigii hotuba ndefu, nataka tukimaliza kuongea tuiguse hii mashine wenyewe.

Hii hapa ni Mimaki JV33 ya mita 1.6, ni ya zamani, mashine za jina hili zilitoka 2008. Imekaa muda mrefu imefunikwa turubai, haijachapa kitu. Sasa fundi wengi wakiitwa kuangalia mashine ya hivi hata kifuniko hawajafungua wameshasema "bosi, hedi imekufa, tafuta mpya". Na hedi, yaani kile kichwa kinachotema wino, hii ya humu inaitwa DX5, bei yake mnaijua, kuna mashine nzima ukiiuza kama ilivyo hupati hela ya hedi yake. Mimi ninachosema leo ni kimoja tu, hedi iwe mtuhumiwa wa mwisho. Anza na vinavyoizunguka.

Lakini kwanza tuelewane kilichomo ndani. DX5 ina mistari 8 ya matundu, kila mstari una matundu 180, jumla 1440, na tundu moja ni dogo kuliko unywele wako. Nyuma ya kila tundu kuna kipande cha pizo, ukikipa umeme kinajikunja kinasukuma tone la wino linatoka. Hakuna moto pale. Hizi ni tofauti na zile HP DesignJet 500 za wachora ramani, zile zinachemsha wino kidogo, kinatokea kipovu kinasukuma tone, na hedi zake zinauzwa moja moja kwa kila rangi, ikigoma unachomoa unaweka nyingine, mwenyewe tu bila fundi. Mtu aliyezoea zile akija huku na akili ileile ataumia, kwasababu huku hedi haikutengenezwa iwe kitu cha kutupa.

Na wino wetu wa eko solventi kazi yake ni nini? Kukauka na kushika kwenye vinili isibanduke na mvua. Kimiminika kinaruka hewani, rangi na resini vinabaki. Sasa ikikaukia kwenye stika sawa, ikikaukia ndani ya tundu ndio hapo tunaitwa.

Haya. Umeiwasha, umepiga testi ya nozeli, yaani ya yale matundu, mistari mingine ipo mingine haipo. Hapa ndipo watu wanapokimbilia kubonyeza klining, ile ya pampu kunyonya wino kupitia hedi ili ijisafishe, klining, klining, mpaka wino wa mteja unaisha na hali imekuwa mbaya zaidi. Usifanye hivyo. Piga testi, iache, piga tena, weka karatasi zote mbili mezani uzilinganishe. Kama mapengo yamehama, mwanzo yalikuwa juu sasa yapo chini, hiyo sio kuziba, hiyo ni hewa, tafuta dampa mbovu, yaani kile kichujio kidogo wino unapopitia kabla ya kuingia kwenye hedi, au oringi, ile pete ya mpira, imechoka au paipu ina ufa. Kama mapengo yapo palepale kila mara, matundu yaleyale, hapo ndio tunaongea habari ya kuziba. Kama mstari upo ila umepinda, kuna uchafu juu ya sahani ya hedi, mara nyingi ni nyuzi za kitambaa au waipa, kile kifutio cha mpira, imechakaa inapaka badala ya kufuta. Na kama testi inatoka safi kabisa halafu ukichapa bango rangi inafifia taratibu mpaka inapotea, wino haufiki kwa kasi inayotakiwa, dampa imejaa tope, hedi ni nzima kabisa! Rangi nzima ikipotea ghafla, yaani jana ilikuwepo leo hakuna hata tundu moja, fikiria pia umeme, waya bapa au bodi.

Mnaona sasa? Kwenye hizo zote kuziba kwenyewe ni moja tu.

Baada ya hapo nenda kwenye kepu, pale hedi inapolala. Mimi nasema mashine nyingi zinaharibikia hapa. Kepu ikiwa na wino mgumu kwenye ukingo haibani, isipobana inafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja, usiku hedi inakauka, na mchana ukipiga klining pampu inavuta hewa badala ya wino. Ndio maana klining nyingi zinaongeza mapengo. Kuijaribu ni rahisi, sogeza hedi pembeni, jaza kepu kwa dawa ya kusafishia, washa pampu uangalie. Ikinyonya ikaisha, pampu na paipu ni wazima. Ikibaki imetulia kama ziwa, shida yako ipo chini huko na hedi umeionea bure. Kepu ni bei ndogo, badilisha tu usibembeleze.

Kepu ikiwa sawa ndio tunaloweka. Jaza kepu dawa, rudisha hedi juu yake, zima mashine, nenda nyumbani. Kweli, nenda ukalale. Wino uliokauka kwa miezi hautoki kwa dakika kumi, na mtu mwenye haraka ndiye anayepasua hedi. Asubuhi piga klining moja ya kawaida, testi, linganisha na karatasi ya jana. Kama kuna matundu yamerudi, hata machache, njia ni hiyohiyo, rudia. Usiku mwingine tena.

Isiporudi ndio unachukua sirinji na kipaipu laini. Hapa naomba msikilize vizuri. Toa dampa, chomeka kipaipu kwenye pini ya hedi inayoingiza ile rangi, weka dawa kidogo, sukuma kwa kidole kimoja, pole pole, ukihisi inakataa ACHA, subiri iloweke tena. Ukilazimisha, ndani kuna tabaka zimebandikwa, zinaachia, halafu rangi zinaanza kuchanganyikana, nyeusi inatokea kwenye njano, na hiyo haina dawa.

Na kabla ya kushika sirinji chomoa waya wa umeme ukutani, sio kuzima swichi tu. Tone moja la dawa likiingia kwenye waya bapa juu ya hedi, siku ukiwasha inapiga shoti, inaondoka na fyuzi, ikikosa bahati inaondoka na bodi na hedi yenyewe. Funika zile soketi, ukimaliza kagua na tochi, kama pana unyevu subiri ukauke.

Dawa sasa. Wino wa eko solventi unatumia dawa ya eko solventi. Wino wa maji, kama ule wa Epson Stylus Pro 9800, una dawa yake ya maji. Ukichanganya vinagandiana humohumo ndani. Na aliyewaambia mtumie asetoni anataka kuwauzia hedi, asetoni inakula gundi.

Ndio, wewe wa nyuma umeuliza kuhusu beseni la mawimbi ya sauti, lile la kutumbukizia hedi isafishwe. Linasafisha, sikatai, ila linaweza kuua pizo pia, kwahiyo ni la hedi ambayo umeshakata tamaa nayo. Na mwingine ameuliza kama mwishowe kweli imekufa. Inatokea. Basi ukienda kununua DX5 uliza kama ni ya wazi au iliyofungwa, maana zile zilizofungwa zinataka kadi ya kuzifungua, na ukishaiweka kwenye mashine ingiza namba iliyoandikwa kwenye hedi kwenye menyu ya fundi, mashine ndio inajua ipeleke volti ngapi. Watu wanaruka hii hatua halafu wanalalamika hedi mpya inatema vibaya.

Umeme ukikatika katikati ya kazi? Isukume kwa mkono taratibu mpaka irudi kwenye kepu, usiiache nje ikisubiri umeme.

Haya sogeeni, wawili wawili, vaeni glovu. Tunaanza na kepu, nani ana tochi?